Namba Ni ya Nani?



Mhariri aliponiomba niandike chochote kuhusu hesabu, nilicheka. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikianza kuzungumzia namba kwenye sherehe, watu hukumbuka ghafla kwamba hawajachukua pilau. Nimekubali, lakini somo sitatoa, nitaeleza ugomvi. Ugomvi wenyewe ulianza nyumbani kwangu mwaka 2009, wakati tukiishi Richardson, kaskazini mwa Dallas, na chanzo chake kilikuwa namba moja nzima yenye tarakimu zaidi ya mia moja na hamsini. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa na arobaini na miwili na nilijiona nayajua yote.

Waliosomesha watoto katika shule za Texas wataikumbuka kalkuleta iitwayo TI-83 Plus, yenye kioo cha kuchorea grafu. Mtoto alipofika kwenye aljebra, orodha ya vifaa ililetwa nyumbani, na hiyo kalkuleta ilikuwemo, karibu dola mia moja. Mimi niliyesoma kwa kitabu cha majedwali ya logi, kitabu kimoja watu watatu, nililipa huku nikinung'unika. Lakini nilinung'unika kwa heshima. Watengenezaji wake, Texas Instruments, wana makao yao makuu Dallas, na kwa mtu wa fani yangu jina hilo si dogo. Hapo ndipo Jack Kilby alipoonyesha mwaka 1958 kwamba sakiti nzima inaweza kukaa ndani ya kipande kimoja cha maada, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Huyohuyo na wenzake walitengeneza pia kalkuleta ya kushika mkononi katika miaka ya sitini. Nilipofika Arlington mwaka 1991 kusoma uhandisi wa umeme, mchana darasani na usiku ghalani nikibeba maboksi, nilikuwa nikilipita jina la kampuni hiyo barabarani kama mtu anavyopita kaburi la shehe.

Sasa, ndani ya kalkuleta kuna programu endeshi, ndiyo inayoiambia mashine ifanye nini kila unapobonyeza kitufe. Kampuni haikutaka mtu mwingine aweke humo programu endeshi yake mwenyewe. Kwa hiyo ikaweka utaratibu kama wa ofisi ya serikali ya mtaa kwetu: barua isiyo na muhuri haipokelewi. Muhuri huo ulikuwa wa namba. Kila kalkuleta ya aina hiyo ilibeba ndani yake namba moja kubwa, ileile kwa zote, na kwa namba hiyo iliweza kutambua kama muhuri ni wa kweli. Yeyote mwenye ujuzi angeweza kuisoma. Lakini kuugonga muhuri kulihitaji kujua namba nyingine mbili, ambazo ukizizidisha unaipata ile kubwa. Hizo mbili kampuni ilikaa nazo yenyewe.

Tukumbushane kidogo. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, na kuendelea bila mwisho. Mwalimu wetu wa darasa la tano alipoliandika neno hilo ubaoni, darasa zima lilicheka, kwa sababu kwetu tasa alikuwa mwanamke asiyejaliwa mtoto, na mtaani alikuwepo mmoja aliyeitwa hivyo hadharani. Mwalimu hakucheka. Alisema tu kwamba namba nyingine zote zimezaliwa na hizi, kisha akaendelea na somo. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilielewa kwamba siku ile alikuwa ametufundisha nadharia ya msingi ya hesabu: kila namba nzima inayozidi moja ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na kwa namna moja tu. Adabu alitufundisha papo hapo, bila malipo ya ziada.

Haya, chukua kalamu. Zidisha 83 kwa 97. Nusu dakika, umepata 8051. Sasa fanya kinyume. Mpe jirani yako 8051, mwambie atafute namba mbili zilizoizaa. Atajaribu 3, atajaribu 7, atajaribu 11. Itambidi apitie namba tasa ishirini na mbili bila mafanikio kabla ya kuifikia 83. Iko njia ya mkato, ya Mfaransa Pierre de Fermat wa karne ya 17. Ona kwamba 8051 ni 8100 kasoro 49. Na 8100 ni 90 mara 90, na 49 ni 7 mara 7. Tofauti ya miraba miwili, kama tulivyokaririshwa sekondari, ni jumla mara tofauti: 97 mara 83. Uzuri wa jambo hili mimi haujanitoka hadi leo.

Kuzidisha ni kuteremka mlima, kugawanya huku hujui unagawanya kwa ngapi ni kuupanda gizani. Kwa 8051 mlima ni kichuguu. Kwa namba ya kalkuleta ile, yenye biti 512, kila kimoja cha vigawo vyake viwili kina tarakimu zaidi ya sabini. Tuseme kompyuta ingejaribu kugawanya kwa namba trilioni moja kila sekunde tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Leo ingekuwa imefika kwenye namba zenye tarakimu thelathini. Safari ni ya tarakimu sabini na zaidi, na kila tarakimu moja inayoongezeka ni mara kumi ya njia yote uliyokwisha kuitembea.

Wazo la kuugeuza ugumu huu kuwa kufuli lilitangazwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT. Baadaye ilijulikana kwamba Clifford Cocks wa idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza alilifikia mwaka 1973, likafungiwa kama siri ya serikali kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huo wa 1977 namba ya tarakimu 129 ilitolewa kwa umma kama changamoto. Ilidhaniwa haitavunjwa katika uhai wa mtu yeyote. Ilivunjwa mwaka 1994 na mamia ya watu waliojitolea kompyuta zao kupitia intaneti. Mwaka 1999 watafiti wakavunja namba ya biti 512 kwa kutumia mamia ya kompyuta kwa miezi kadhaa. Mbinu yao inaitwa chekeche, na hakika inachekecha: inachuja mabilioni ya namba ndogo ili mwishowe ipate miraba miwili ambayo tofauti yake inagawanyika kwa namba unayoishambulia. Yaani ni ile hila ya Fermat, imekua ikaota ndevu.

Mwaka huohuo wa 1999 ndio TI-83 Plus ilipoingia sokoni, na kufuli yake ilikuwa ya biti 512.

Miaka kumi ikapita. Julai 2009 mtu mmoja, Benjamin Moody, mpenzi wa kalkuleta hizo, akatangaza vigawo viwili vya namba ile. Alitumia kompyuta moja ya kawaida, na kazi ilichukua siku 73. Wiki chache baadaye wapenzi wengine wakaunganisha kompyuta zao na kuzivunja namba za kalkuleta nyingine za kampuni hiyohiyo. Kampuni ikawaandikia barua waliozichapisha, ikitumia sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, ile inayofahamika kwa kifupi kama DMCA, ikidai namba ziondolewe. Oktoba wanasheria wa Electronic Frontier Foundation, taasisi ya San Francisco, wakawajibu kwa niaba ya watatu kati ya walioandikiwa.

Hayo yote yalikuwa ya watu wengine, mpaka jioni moja ya Septemba niliporudi kazini nikamkuta mwanangu mezani, kalkuleta imeunganishwa kwa waya na kompyuta yangu, na juu ya kioo chake pameandikwa maneno ambayo kampuni haikuyaandika.

Nilipandwa na hasira ambayo leo naona haya kuieleza. Nilimwuliza kwa nini amevunja kufuli ya watu. Akajibu kwa utulivu, Kiswahili chake kikiwa kimepinda kidogo kama cha watoto wetu wote waliokulia huku:

"Baba, si yetu hii? Si wewe umelipa?"

"Kalkuleta ni yetu. Namba si yetu."

"Namba ni ya nani?"

Nilimnyang'anya kalkuleta, nikaiweka juu ya kabati la chumbani, na huo ndio uliokuwa mjadala.

Nitasema ukweli, maana wengi mtanielewa. Mwaka ule nilikuwa kwenye foleni ya uraia. Sisi tuliokuja kwa karatasi tunaogopa karatasi. Barua yoyote yenye nembo ya wanasheria, hata kama imetumwa kwa mtu mwingine katika jimbo jingine, inatupita tumboni kwanza kabla ya kufika kichwani. Sikuwa nimefikiri kama mtoto ana haki au hana. Nilikuwa nimeuona uso wa ofisa wa uhamiaji akiniuliza mwanangu alifanya nini Septemba ile. Hofu hiyo niliipa jina la maadili, nikamcharaza nayo mtoto.

Oktoba tulipata msiba hapa Houston, tukaondoka Richardson alfajiri, mimi na yeye tu, kwa barabara ya I-45. Ni mwendo wa karibu maili mia mbili na hamsini, na baada ya Corsicana hakuna cha kutazama isipokuwa ng'ombe na mabango. Kijana akaona amenipata. Akaanza taratibu.

Alisema: namba ile iligawanyika vilevile kabla ya kampuni kuwepo. Ilikuwa zao la vigawo vilevile viwili siku John Neely Bryan alipojenga kibanda chake kando ya mto Trinity mwaka 1841 na kuuanzisha mji wa Dallas, na kabla ya hapo, na kabla ya binadamu. Mtu anawezaje kumiliki kitu ambacho hakukitengeneza na ambacho hakiwezi kuwa vinginevyo?

Nikamwambia hata ardhi ya Pangani ilikuwepo kabla ya babu yangu, na bado shamba lile lina mwenyewe, na ukilikanyaga bila hodi utaulizwa.

Akafikiri maili tano hivi. Kisha akasema: "Shamba ukinipa, wewe huna tena. Namba ukinipa, wote tunayo."

Hapo alinikamata. Nimesoma baadaye wanafalsafa na wanasheria wakilizungushazungusha jambo hilo kwa kurasa nyingi, na sijaona aliyelisema vizuri kuliko yule kijana aliyekuwa anakula viazi vya kukaanga kwenye kiti cha mbele. Mbuzi akiibwa zizini, zizi linapungua. Namba haiwezi kuibwa kwa maana hiyo. Ukiichukua inabaki palepale.

Kisha akaniletea kisa cha Phil Carmody. Wakati huo mahakama za Marekani zilikuwa zimezuia kusambaza programu fulani fupi ya kufungulia kufuli za diski za DVD. Programu yoyote ya kompyuta, ukiiangalia kwa ndani, ni mfululizo wa sifuri na moja, na mfululizo huo unaweza kusomwa kama namba moja ndefu. Mwaka 2001 Carmody akatafuta na kupata namba tasa ya tarakimu 1401 ambayo ukiiandika kwa lugha ya kompyuta na kuifungua, ndani yake mna programu ileile iliyozuiwa. Namba tasa, kama zile za mwalimu wangu. Je, ni haramu kuitamka? Na kama ni haramu, mwalimu akiwapa wanafunzi kazi ya kutafuta namba tasa zenye tarakimu 1401, na mmoja akaiangukia kwa bahati, amevunja sheria kwa kupata jibu sahihi?

Tulikuwa tumefika Huntsville, pale lilipo sanamu refu jeupe la Sam Houston kando ya barabara. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tusimame tununue kahawa.

Niliporudi Richardson nilimshushia kalkuleta yake kutoka kabatini. Sikuomba radhi, baba wa kizazi changu hakufundishwa hilo, niliiweka tu mezani kando ya sahani yake. Na hukumu yangu juu ya kisa kile haijabadilika tangu hapo. Kampuni ilikuwa na hoja, tena hoja ambayo mzazi anaielewa: kalkuleta hizo huingia katika vyumba vya mitihani, na programu iliyochezewa inaweza kubeba majibu. Lakini hoja hiyo ni ya msimamizi wa mtihani, ailinde mlangoni. Kuniuzia mimi chombo, kisha kudai kwamba ukweli fulani wa kuzidisha usitamkwe ili chombo changu kiendelee kukutii wewe, hilo nalikataa. Mtu aliyekaa na kompyuta yake siku 73 akapata vigawo viwili kwa jasho halali hakuingia ofisini kwa mtu. Alifanya hesabu.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka mitano niliishia hapo. Nilikuwa na msimamo mzuri wa kuuelezea watu kwenye sherehe: namba si ya mtu.

Mwaka 2014 mama yangu, Pangani, alikuwa anahitaji kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nilikuwa namtumia fedha kidogo kidogo kwa simu kwa miezi kadhaa ili zikusanyike. Hakuna haja ya kuwaeleza ninyi simu ya pesa ilitubadilishia nini; M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, sisi wa ughaibuni ndio tuliopumua. Kabla yake ilikuwa bahasha mkononi mwa msafiri na dua. Siku ya kwenda hospitali ilipofika, kwenye akaunti ya mama palikuwa na shilingi elfu kumi na mbili. Zilizopungua zilikuwa laki nne na ushei.

Haikuchukua muda kujua. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyekuwa akiishi na bibi yake, na ndiye aliyekuwa akimbonyezea simu kwa kuwa bibi hakuona vizuri. Alikuwa ameweka kianzio cha bodaboda. Nilimpigia nikiwa kwenye maegesho ya magari ya kazini hapa Houston, saa sita mchana, huku mikono inatetemeka. Nilimwita mwizi. Akaniamkia kwanza, shikamoo mjomba, kisha akasema kitu kilichonifanya nikae chini kwenye lami:

"Mjomba, mimi sikuiba namba. Bibi mwenyewe alinipa."

Kweli kabisa. Alipewa. Na tena, kwa mantiki niliyokuwa nikiitembeza kwenye sherehe miaka mitano, hakukuwa na cha kuiba: tarakimu nne, hazikupungua kwa bibi alipozijua yeye. Namba za siri za tarakimu nne ziko elfu kumi tu, kuanzia sifuri nne hadi tisa nne. Hata mtoto anaweza kuziandika zote kwenye daftari likizo moja. Hakuna mlima hapo, hakuna hata kichuguu. Kinachoilinda akaunti ya mama yangu ni kwamba simu inakataa baada ya kukosea mara chache, na kwamba aliyeambiwa namba ameambiwa kwa kazi fulani.

Nikatambua kwamba katika kisa cha kalkuleta nilikuwa sahihi lakini kwa sababu pungufu. Nilidhani nimeshinda kwa kuwa namba si ya mtu. Namba si ya mtu katika visa vyote viwili, na hukumu zangu zilikuwa zinapingana. Moody hakuwa ameaminiwa na yeyote. Hakupewa kitu ashike. Kijana wa dada yangu alishikishwa. Hesabu haiwezi kuonyesha tofauti hiyo, hata uichekeche vipi, kwa sababu haimo ndani ya namba. Imo kati ya bibi na mjukuu.

Nilimwambia mama abadilishe namba ya siri siku ileile. Akakataa. Nilidhani hajaelewa, nikaeleza upya, kwa sauti ile tunayoitumia kwa wazazi tukiwa mbali, sauti ya mwalimu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaniibia," alisema. "Nimeshamwambia, na bodaboda haipandi mpaka irudi hela yangu. Lakini hiyo namba usiiingize humu. Nikiibadilisha nikakaa nayo peke yangu, usiku nikizidiwa nani atatoa hela ya gari la hospitali? Wewe uko Amerika."

Katika masomo yangu yote ya mifumo ya usalama, kufuli bora ni ile inayofunguliwa na mtu mmoja tu. Tarakimu nyingi, mwenyewe mmoja. Hakuna kitabu kilichoniambia kwamba kufuli kama hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye afya, anayeona, asiyemtegemea yeyote. Mama hakuwa huyo. Kwake, siri asiyoijua mwingine ilikuwa hatari kubwa kuliko mjukuu mwenye mkono mrefu. Na mimi, kusema kweli, ndiye niliyemwachia namba mahali pa mtu. Kabla ya hapo nilikuwa sijakanyaga Pangani miaka saba.

Fedha zilirudi, nusu kwa kijana na nusu kwangu, jicho likafanyiwa kazi. Kijana leo ana bodaboda mbili na ndiye anayempeleka bibi yake kliniki. Namba ya siri ni ileile. Mtaona kwamba siiandiki hapa. Mimi niliyetetea haki ya kutamka vigawo vya tarakimu sabini mbele ya dunia nzima, tarakimu nne za mama yangu sizitamki, na sioni kwamba najipinga. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba nimeigawanya, kwa mazoea, na si tasa. Hapo tayari nimewapunguzia kazi: namba tasa zilizo chini ya elfu kumi ni 1229, zifuteni, zimebaki 8771.

Oktoba 2024 mwanangu alinipigia kutoka Dallas, amefurahi kama siku ile ya waya na kompyuta. Sasa ana mke na mtoto, lakini habari za namba bado ananiletea mimi. Mtu aitwaye Luke Durant alikuwa amepata namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: zidisha mbili kwa mbili mpaka ziwe mbili 136,279,841, kisha toa moja. Ina tarakimu 41,024,320. Ukichapa tarakimu elfu tatu kwa ukurasa, ni kurasa zaidi ya elfu kumi na tatu. Ilinaswa kwanza na mashine iliyoko Dublin, Ireland, na siku iliyofuata ikathibitishwa na nyingine iliyoko San Antonio, hapahapa Texas. Aliyeipata hakuificha hata kidogo. Raha yote ilikuwa katika kuisema. Na hakuna barua ya wanasheria iliyoandikwa.

"Hii ni ya nani, baba?" aliniuliza. Tulicheka. Halafu akauliza bibi anaendeleaje.

Bibi anaendelea vizuri. Mwaka 2023 nilikuwa kwake wiki tatu. Siku moja alitaka kumlipa kijana wa maji, akanipa simu nimbonyezee. Niliandika kiasi, nikafika pale inapodai namba ya siri, nikamrudishia simu na kugeuza uso kuelekea mtoni.

"Unatazama nini huko?"

"Nasubiri uweke namba, mama."

"Kwani huijui?"

Nikamwambia naijua.

Alisonya, akaisukuma simu kiganjani mwangu. "Basi weka. Mwenye maji anasubiri."